KASARANI NA MIMI TU RIKA MOJA



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya juma la mwisho la mwezi wa Agosti 2025, yaani tangu Jumatatu tarehe 25 mpaka Jumapili tarehe 31. Najua wako watakaosema kwamba habari za mpira si habari za chama. Nawaomba hao wasome mpaka mwisho, ndipo wanihukumu.

Mimi nilizaliwa mwaka 1987. Mwaka huo uwanja wa Kasarani ulifunguliwa kwa Michezo ya Afrika Yote, na mwaka huo huo Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi la Afrika. Basi Kasarani na mimi tu rika moja. Lakini iko tofauti baina yetu. Kabla ya mashindano ya CHAN ya mwaka 2025, Kasarani ilitengenezwa upya: nyasi, taa na viti. Mimi mpaka leo sijatengenezwa.

Nimefanya kazi kwenye njia miaka 15, katika kituo kimoja kidogo cha Bonde la Ufa, kwenye reli ile ya zamani ya upana wa mita moja. Kazi ya watu wa njia mnaijua: kukaza nati, kushindilia kokoto chini ya mataruma, kung'oa majani, kuinua reli iliyodidimia. Goti langu la kulia sasa linanipa habari za mvua kabla ya redio. Maandishi ya simu nayasoma kwa kunyosha mkono mpaka mwisho, na karibu mkono utakuwa mfupi. Vijana walioingia mwaka huu wananiita Mzee. Siku ya kwanza niliposikia neno hilo niligeuka nyuma, nikidhani baba yangu amefika kutoka nyumbani.

Na mambo ya siku hizi yananichosha kuliko nyundo. Mshahara uko ndani ya simu. Ruhusa ya likizo iko ndani ya simu. Tiketi ya kwenda Kasarani pia ilinunuliwa kwa simu. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alitaka sana kuwaona Harambee Stars kabla hajafa, kama anavyosema mwenyewe. Simu yake ni mulika mwizi. Aliomba msaada kwa vijana watatu, na kila mmoja akasema, "Ngoja kidogo mzee," mpaka tiketi zikaisha. Shuleni kwetu, misheni, Mwalimu alitufundisha kuweka pesa mezani na kungojea risiti. Sasa meza yenyewe haipo.

Haya, tuje kwenye juma lenyewe. Tulilianza kwa huzuni, kwa kuwa Ijumaa tarehe 22 Madagascar walitutoa katika CHAN kwa penalti baada ya 1 kwa 1. Vijana wetu walikuwa wamewashinda Kongo ya Kinshasa, wakaenda sare na Angola, wakawashinda Morocco hali wamebaki watu 10 uwanjani, wakawashinda Zambia. Kila Mkenya alikuwa amekwisha kujiona fainali. Kwa hiyo juma lililofuata tulitafuta faraja kwa mipira ya wageni, na hapo ndipo balaa lilipotokea.

Jumatano usiku Manchester United walikwenda kucheza na Grimsby Town katika Kombe la Ligi la Uingereza. Grimsby ni mji wa wavuvi, na timu yake ni ya daraja la nne. Nani angeogopa? Tulijaa katika kibanda kile karibu na nyumba zetu, vijana na wazee. Grimsby wakapata mawili kwanza, Manchester wakayarudisha. Penalti zikaanza, zikaendelea mpaka makipa wenyewe wakapiga. Mwisho Grimsby 12, Manchester 11. Saa sita ya usiku ilikuwa imepita. Wengine walicheka mpaka wakalia. Kijana mmoja wa genge letu hakucheka. Alikuwa ameweka shilingi 2,000 kwenye mkeka wa simu, timu sita, na zote zilikuwa zimemtii isipokuwa hiyo. Elfu mbili kwake ni siku nyingi za jua, maana yeye ni kibarua.

Asubuhi ya Alhamisi tulikuwa njiani. Tulikuwa tumeweka jeki chini ya reli penye kona, na kijana huyo akapewa bendera nyekundu na filimbi akalinde upande wa juu. Kama saa nne nilisikia reli inaimba chini ya kiatu changu. Mtu wa njia akishasikia sauti hiyo mara elfu hawezi kuikosea. Niliinua macho kutazama bendera. Kijana alikuwa amechutama, kichwa juu ya magoti, amelala.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Wenzangu wawili wakaivuta jeki, sisi wengine tukaruka. Troli ya injini ikatokea penye kona, dereva akafunga breki, ikasimama karibu nasi hata niliona jasho la dereva. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mimi niliangukia goti lile lile juu ya kokoto. Tulikaa chini muda mrefu, hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu ana watoto watano.

Mkubwa wetu alipofika alisema kijana aondoke saa ile ile na asirudi kesho. Watu wote kimya. Mimi nami nilikuwa na hasira, na hotuba ilikuwa tayari kinywani: vijana wa siku hizi, simu, kamari, hawana heshima ya kazi. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Ndipo nikakumbuka ni nani aliyeketi karibu naye kwenye benchi usiku ule mpaka penalti ya mwisho. Ni mimi. Na asubuhi, alipopewa bendera, macho yake nilikuwa nimeyaona mekundu, nikanyamaza kwa kuwa yangu pia yalikuwa hivyo.

Basi nikasema. Nilimwambia mkubwa kwa adabu kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mtu asifukuzwe kwa kosa kabla hajaelezwa kosa lake na kusikilizwa, naye ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama mahali hapo. Nilimwambia pia kwamba kama anaandika habari za kijana, aandike na zangu, kwani mimi ndiye mkubwa wa umri katika genge, niliona na sikusema. Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Lakini aliandika.

Ijumaa tulisikilizwa, mwakilishi wetu wa chama akiwapo. Kijana hakujitetea kwa uongo. Alisema nililala, na aliwaomba radhi wenzake mmoja mmoja. Alipewa onyo la barua, na hatapewa bendera mpaka afundishwe tena. Mimi nami nina karatasi yangu katika faili, ya kwanza kwa miaka 15. Siipendi, lakini siioni aibu. Katika shauri hilo ilijulikana kwamba kijana amefanya kazi kwetu miezi minane mfululizo akilipwa kwa siku. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo chasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaotimiza mwezi mmoja, ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Mwakilishi amelichukua jambo hilo mbele. Wako wengine wanne kama yeye kituoni kwetu, nao hawakujua.

Sasa nifike kwenye neno langu. Usiku wa kuamkia Jumapili Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Sydney. Safari hii sikukesha. Nilisoma habari asubuhi kabla ya kwenda kanisani: alikuwa wa 9, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 31. Kijana mmoja akasema, "Amezeeka huyo." Mtu huyo alikuwa na umri wa miaka 40. Ndiye aliyekimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Mwezi wa Aprili 2025 alikuwa wa 6 katika London. Ana miaka kunipita, na siku ile ya Sydney walikuwa wanane tu waliomtangulia. Mimi nikikimbilia matatu ya Nakuru hunitangulia hata akina mama wenye mizigo.

Nilijiuliza: kwa nini mwili wake unadumu hivyo na wangu umechakaa? Mungu alimpa kipawa, sikatai. Lakini yeye hulala mapema. Katika kambi yake ya Kaptagat kazi ina saa yake na kupumzika kuna saa yake. Akiumia yuko mtu wa kumkanda miguu. Mwili wake unatunzwa kama chombo cha kazi. Na sisi je? Reli tunayoitengeneza ina watu wa kuipima, ina daftari lake, na ikididimia kidogo tunatumwa na jeki. Mtu anayeishika jeki hapimwi na mtu ye yote mpaka siku ya kuanguka.

Tena sisi wenyewe tumeacha kucheza. Nilipoingia kazini tulikuwa na uwanja karibu na nyumba za reli. Haukuwa na nyasi nyingi, na goli la upande wa mto lilikuwa la miti, lakini kila Jumamosi jioni watu wa njia walicheza na watu wa karakana, au madereva na makarani. Mimi nilikuwa beki. Nilikuwa na miaka 23 na nilimzuia dereva mmoja mpaka akaacha kunisalimu kwa mwezi mzima. Jirani zetu wa Nakuru ndio waliotwaa ligi ya kwanza ya Kenya mwaka 1963, Nakuru All Stars. Mpira si mgeni katika upande wetu huu. Sasa ni mwaka wa tatu uwanja wetu umezungushiwa mabati. Ndani mna vyuma chakavu na majani marefu. Watoto wetu wanacheza barabarani, na baba zao wanakwenda kukaa kwenye benchi la kibanda kutazama watu wa Uingereza wakikimbia.

Wenzangu, hilo ndilo linalotuzeesha. Mtu aliyecheza saa kumi jioni, saa tatu ya usiku yuko kitandani bila kuambiwa. Mtu aliyeketi tu hana usingizi. Ana simu, ana mkeka, ana ugomvi wa Arsenal na Manchester, na asubuhi anapewa bendera nyekundu akawalinde wenzake.

Wengine watasema chama kidai mishahara, kiache mipira. Mishahara tudai, tena kwa nguvu. Lakini shilingi utakayoongezwa ukaipeleka kwa daktari wa magoti, imekusaidia nini? Kwa hiyo naleta mambo haya mbele ya mkutano wa tawi letu, tuyajadili na tuyapeleke kwa matajiri kwa barua:

Kwanza, uwanja ufunguliwe, vyuma vihamishwe. Sisi wenyewe tutakata majani, hatuombi fedha kwa hilo.

Pili, mtu wa bendera abadilishwe kila baada ya saa chache, na kila mtu awe na ruhusa ya kusema asubuhi, "Leo sifai kulinda," bila kukatwa mshahara. Aibu ya kusema hivyo ni ndogo kuliko jeneza.

Tatu, vibarua wote waliotimiza muda wa sheria waandikwe. Mtu mwenye mshahara wa mwezi hana haja kubwa ya kutafuta kodi ya nyumba katika miguu ya watu wa Manchester.

Nne, kila mtu wa njia apimwe macho, masikio na magoti mara moja kwa mwaka, kabla hajaanguka.

Jumapili jioni nilikwenda kibandani, sitadanganya. Liverpool waliwafunga Arsenal 1 kwa 0, na kabla ya saa tatu nilikuwa nyumbani nakula. Kijana wetu alikuwako, akaniletea kiti ili ninyoshe goti. Alisema hakuweka mkeka. Sikumwuliza mara ya pili. Nilimwuliza tu kama anajua kucheza, akasema ni winga wa kushoto. Beki mwenye goti moja ninaye, winga tumempata. Tunataka wengine tisa na mahali pa kuchezea.

Njoni mkutanoni.

Wenu katika kazi,
MTU WA NJIA