Pamba Ilikausha Ziwa, na Sisi Bado Tunauliza Bei Tu

Watu wangu, hii stori inafaa kila mtu anayevaa tisheti. Yaani sisi wote.

Uzbekistan ilikuwa chini ya Muungano wa Kisovieti hadi 1991. Kuanzia miaka ya 1960, Moscow ilizidisha kilimo cha pamba jangwani. Maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yakaelekezwa mashambani. Mito hiyo ndiyo ilikuwa inajaza Bahari ya Aral, ambayo kumbe ni ziwa, wakati huo la nne kwa ukubwa duniani, nyuma ya Caspian, Superior na Victoria yetu. Leo sehemu kubwa ni mchanga na chumvi. Moynaq ilikuwa bandari ya wavuvi. Saa hii meli zimekaa tu jangwani zikishika kutu.

Wengi husema hayo ni makosa ya wakomunisti, yaliisha nao. Zii. Ukomunisti uliisha, pamba ikabaki. Nchi mpya ilitaka dola, na pamba ilikuwa inauzika nje. Serikali iliendelea kuwapangia wakulima walime nini, na kila msimu walimu, manesi, hata wanafunzi walilazimishwa kwenda kuchuma.

Nani alisaidia kuvunja hiyo tabia? Wanunuzi. Kampuni zaidi ya 300 ziliahidi kutogusa pamba hiyo. Uongozi ulipobadilika 2016, mageuzi yakashika kasi, na mwaka 2022 mgomo ukaondolewa.

Hapo biashara ilifanya kazi poa. Lakini manze, wanunuzi walikazania swali moja: nani alichuma? Lile la maji yametoka wapi halikupewa uzito huo, na upande wa Uzbekistan ziwa halijarudi. Na si eti haiwezekani. Upande wa Kazakhstan, ukuta wa Kok-Aral ulimalizika 2005, maji yakapanda, samaki wakarudi.

Sasa Uzbekistan imeacha kuuza pamba ghafi, inasokota uzi na kushona nguo yenyewe. Hiyo ni pesa zaidi kwa kila kilo. Maoni yangu: pesa hiyo ianze na mifereji inayovuja na umwagiliaji wa matone, na kampuni zinazonunua ziweke hilo kwa mkataba, vile walivyofanya kuhusu wachumaji. Walishaonyesha wanaweza. Wasijifanye hawajui.