Gitaa la Afro 70

Kila nivukapo kwa pantoni kutoka Magogoni kurejea kwangu Kigamboni, upepo wa bahari ukinipiga usoni, hunijia sikioni gitaa la marehemu Patrick Balisidya, yule kijana wa Dodoma aliyeiongoza Afro 70, bendi ambayo mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa nadhari yangu, haikuwa na mfano wake mjini Dar es Salaam.

Siwadharau Nuta Jazz wala Western Jazz, waliokuwa mabingwa. Walakini Afro 70 walikuwa na jambo lao, gitaa la solo kali na safi, lenye kupanda na kushuka kama mtu anayesimulia, na sauti za waimbaji zikiitikiana juu yake. Mjomba wangu alikuwa akianika betri za redio juani ili zipate nguvu za kutufikisha saa ya muziki, na wimbo wao wa “Harusi” ulipoanza, mama aliacha kukuna nazi, akabaki juu ya mbuzi yake, kifuu mkononi.

Kwa kuwa hatukuwa na kiwanda cha santuri, nazo zikichapwa Nairobi, sehemu kubwa ya muziki wa zama zile ilihifadhiwa katika kanda za Redio Tanzania. Balisidya alifariki mwaka 2004, na kanda nazo huharibika kwa joto na unyevu wa pwani. Kwa hiyo naiomba serikali, kwa taadhima, kila kanda inakiliwe na kufunguliwa kwa umma, na warithi wa wanamuziki wapewe haki yao, wakati wasikilizaji wa zama zile wangali hai.