Nyanya za Rangi: Zina Faida Gani Mezani?

Mwezi huu tunaingia jikoni kuzungumza juu ya nyanya. Wengi wetu tumezoea nyanya moja tu, ile nyekundu. Lakini siku hizi, katika baadhi ya maduka makubwa ya mijini na katika bustani za wapenda kilimo, unaweza kukuta nyanya za njano, za rangi ya chungwa, za kahawia, na hata za zambarau iliyokolea karibu na weusi. Mara nyingi bei yake ni ya juu, na sifa zake ni nyingi: eti zinaongeza damu, eti zinasafisha macho, eti zinafukuza saratani. Mama mwenye fedha kidogo za matumizi na watoto wadogo wa kulisha afanyeje? Anunue, au apite?

Kwanza tujue kwamba nyanya zisizo nyekundu si jambo geni. Asili ya nyanya ni Amerika ya Kusini. Ilipofika Italia katika karne ya 16, miongoni mwa zile zilizoandikwa habari zake mwanzoni zilikuwamo za njano. Ndiyo maana Waitalia mpaka leo huiita nyanya "pomodoro", jina linalotokana na maneno yenye maana ya tufaha la dhahabu.

Rangi hizi hutoka wapi? Wekundu wa nyanya ya kawaida huletwa na kitu kiitwacho likopeni. Nyanya nyingine za rangi ya chungwa zina betakarotini kwa wingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Zile za kahawia zina likopeni kama nyekundu, ila ukijani wa tunda bichi hautoweki wote linapoiva, na rangi hizo mbili zikichanganyika huonekana kahawia. Za zambarau zina anthosayanini, rangi ya namna ileile iliyomo katika ganda la biringanya.

Sasa tuzipime. Wizara ya Kilimo ya Marekani imepima nyanya mbichi za rangi mbalimbali, gramu 100 kwa kila aina, yaani karibu nyanya moja ya ukubwa wa kawaida. Nyekundu ilikuwa na vitamini A mikrogramu 42 na vitamini C miligramu 14 hivi. Ya rangi ya chungwa ilikuwa na vitamini A mikrogramu 75 na vitamini C miligramu 16. Ya njano haikuwa na vitamini A hata kidogo, na vitamini C yake ilikuwa miligramu 9 tu. Lakini njano na chungwa ziliipita nyekundu kwa folati, ambayo mama mjamzito anaihitaji sana: hizo mbili zilikuwa na mikrogramu kama 30 kila moja, na nyekundu 15.

Hapo ndipo tunapotaka mama awe mwangalifu. Tumezoea kusikia kwamba vyakula vya njano ni vizuri kwa macho, na kwa karoti na papai hilo ni kweli. Lakini nyanya ya njano haimo katika kundi hilo. Mama anayemnunulia mtoto nyanya za njano kwa ajili ya macho anatoa fedha zake bure.

Hata ile ya rangi ya chungwa tusiitegemee peke yake. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji vitamini A kama mikrogramu 300 kwa siku. Ili azipate kwa nyanya za rangi ya chungwa ingembidi ale nne, na kwa nyekundu saba. Ni mtoto gani atakayezimaliza? Lakini gramu 100 za karoti zina mikrogramu zaidi ya 800, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina zaidi ya 700, na mchicha una 146. Kwa hiyo, mama, ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya macho ya mtoto, nunua hivyo. Tena usikose kumpeleka kliniki apate matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukiona mtoto anajikwaa au anapapasa jioni giza linapoingia, usimtibu kwa nyanya ya rangi yoyote. Mwone daktari mapema.

Je, basi hizi nyanya za rangi hazina maana? Hapana, zina faida zake. Baadhi ya zile za rangi ya chungwa zina likopeni ya umbo tofauti. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwanywesha watu 11 juisi ya nyanya za aina hiyo, na wakati mwingine juisi ya nyanya nyekundu. Wakaona kwamba likopeni ya ile ya kwanza iliingia mwilini mara 8.5 zaidi.

Kuhusu nyanya za zambarau na saratani, watafiti wa Uingereza walitangaza mwaka 2008 kwamba panya wenye mwelekeo wa kupata saratani waliishi muda mrefu zaidi walipolishwa nyanya za zambarau. Hao walikuwa panya, na nyanya zenyewe zilitengenezwa kwa kuingizwa vinasaba vya ua. Aina nyingine ya zambarau, Indigo Rose, iliyotolewa Marekani mwaka 2012, ina rangi hiyo kwenye ganda tu, hivyo ukilimenya umeitupa faida yake.

Jambo jingine: wengi husema nyanya za njano hazina ukali, kwa hiyo zinamfaa mwenye kiungulia. Utamu wake mara nyingi hutokana na sukari inayofunika ukali, wala si kwamba ukali haupo. Mwenye kiungulia asijidanganye.

Habari njema ni kwamba nyanya yetu nyekundu, ile ya fungu la sokoni, haijapitwa. Ikipikwa kwa mafuta kidogo, likopeni yake huingia mwilini kwa urahisi zaidi kuliko ikiliwa mbichi. Vitamini C ndiyo hupungua kwa moto. Kwa hiyo gawa nyanya zako: nyingine zikaange kwenye mchuzi pamoja na mchicha, nyingine zioshe vizuri uzikate kachumbari. Na ukipata mbegu za rangi ya chungwa, panda mashina mawili matatu uani. Watoto watafurahia kuzichuma, nawe utaongeza lishe bila kugusa fedha za chakula.