WAJAWAZITO WA KAMBINI WAULIZWE FARAGHANI



Nataka kusema machache juu ya wanawake wakimbizi wanaopigwa na waume zao wakiwa wajawazito.

Mimi ni mkunga mstaafu. Mwaka 2016 nilikuwa nikihudumia akina mama katika kambi moja mkoani Kigoma, wakati Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 2015 wakiingia kwa maelfu. Siku moja alikuja mama mwenye mimba ya miezi saba, ana alama za kipigo mkononi na ubavuni. Mumewe alisimama kando yake, naye ndiye aliyejibu: "Ameanguka kwenye foleni ya maji." Mimi ni Muha, Kirundi nakisikia vizuri. Ningeweza kumwomba mume atoke nje nikazungumza na yule mama bila mkalimani. Sikufanya hivyo, maana nje kulikuwa na msururu mrefu. Nikaandika kwamba ameanguka.

Baada ya majuma mawili aliletwa usiku akivuja damu, kondo la nyuma limebanduka. Mama alipona, mtoto hakupona.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Napenda kuwakumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka wazi kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo haikusema "isipokuwa mkimbizi".

Wengine watasema kwamba hata wanawake wetu wanapigwa. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini mwanamke wetu akizidiwa anaweza kurudi kwao, au kwa shangazi yake. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Wazazi wake wamebaki ng'ambo ya mpaka, au wamekufa. Tena kadi ya mgawo wa chakula iko mfukoni mwa mume. Akimwacha, yeye na watoto watakula nini? Ndiyo maana husema ameanguka.

Kwa hiyo natoa maoni yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, kliniki ya wajawazito ndipo mahali ambapo mume hamzuii mkewe kwenda. Tunawahimiza wanaume wawasindikize wake zao, na hilo ni jema. Lakini wakati wa kupima tumbo mama aingie peke yake, na utaratibu huo uwe kwa wote ili asishukiwe mtu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha shauri mwaka 2016 kwamba mhudumu afikirie kuuliza juu ya kipigo anapoona dalili zake, mradi pawe na faragha na msaada wa kumpa. Mkalimani asiwe mume wala jirani.

Pili, jibu la mama lisiandikwe kwenye kadi ya kliniki anayokwenda nayo nyumbani. Mume ataisoma, na usiku huohuo tutakuwa tumemponza. Asilazimishwe kushtaki wala kuachika. Aelezwe njia zilizopo, achague mwenyewe.

Tatu, mama anayeomba kutenganishiwa kadi ya mgawo asizungushwe. Mwaka 2001 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliahidi kwamba wanawake wakimbizi wataandikishwa kila mmoja kwa jina lake na kupewa hati zao. Ahadi hiyo ina maana kubwa kwa mama mwenye mimba kuliko hotuba nyingi.

Nawaomba wanaume nao wasinielewe vibaya. Najua mwanamume aliyepoteza shamba, ng'ombe na heshima yake ana uchungu. Lakini uchungu huo hautibiwi kwa kumpiga aliyembebea mtoto.

Mwisho, nasema na wakunga vijana. Kumtoa mume nje na kumuuliza mama swali moja ni kazi ya dakika chache. Mimi nilikuwa nazo dakika hizo, sikuzitumia. Msirudie kosa langu.

Mkunga Mstaafu,
Kasulu, Kigoma.