KONA YA MIKONO: Treni ya Kopo na Herufi Zake

Toleo lililopita tulionyesha namna ya kukata na kukunja kopo la mafuta ya kupikia mpaka litoke behewa la treni. Barua zilizotufikia ni nyingi, tena karibu zote zinauliza jambo moja: tupake rangi gani, na ubavuni tuandike nini? Mama mmoja ametuandikia kwamba nyumbani kwake imekuwa kesi. Baba anataka herufi za reli ya kwao Kalemie. Mtoto anataka herufi za treni ya Kigoma, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwa macho yake. Behewa limekaa chini ya kitanda wiki mbili, halina rangi, na watu wamenuniana.

Basi tuanze na rangi, halafu kesi hiyo tutaifikia.

Rangi haishiki kwenye mafuta. Hilo ndilo kosa la kwanza la watoto wengi: kopo lilikuwa la mafuta, wanalisuuza kwa maji matupu, wanapaka, na baada ya siku tatu rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Osha kwa maji ya moto, sabuni na majivu. Likaushe juani. Baada ya hapo usilishike kwa vidole ubavuni, maana vidole navyo vina mafuta. Lishike kwa ndani. Kisha pitisha msasa kidogo, mpaka ule mng'ao wa bati upungue. Fanya hivyo nje, na vumbi lake lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa mdomo.

Halafu rangi ya chini. Chokaa yatosha, ikichanganywa na gundi kidogo ya unga wa muhogo uliopikwa, au mabaki ya rangi ya maji ya fundi jirani. Kazi yake ni kuficha yale maandishi ya kopo. Tumeona kichwa cha treni kizuri sana kikipita njiani, lakini ukikikaribia unasoma chini ya rangi nyekundu kwamba ni mafuta ya mboga, lita nne, si ya kuuzwa. Watoto walicheka, na sisi tulicheka nao, ila fundi mwenyewe hakufurahi.

Rangi yenyewe ipakwe nyepesi mara mbili au tatu, kila safari ikauke kwanza. Ukipaka nzito mara moja tu inatiririka na kuziba mikunjo yote uliyoihangaikia. Rangi nyeupe au ya manjano itangulie, nyeusi ije mwisho.

Hapa wazazi tusikilizane. Usimpe mtoto petroli ya kulainishia rangi, na hasa ndani ya nyumba penye jiko au koroboi. Moshi wake unalevya, na moto wake hausubiri mtu. Nyumba zetu zimebanana, mnajua wenyewe. Rangi za mafuta za zamani, zile za kopo lisilojulikana limetoka wapi, nyingine zina madini ya risasi, ambayo huharibu akili ya mtoto anayekua. Ziacheni. Na ule unga mweusi wa betri ambao wengine wanautumia kama wanavyopaka ubao wa shule, tafadhali sana, una kemikali za kuunguza ngozi. Masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi ileile ya muhogo yanatoa weusi mzuri tu, na hayana shida.

Sasa herufi. Hapa ndipo kopo linapogeuka kuwa behewa kweli. Treni yoyote duniani, kila behewa lina alama ya mwenye mali na namba yake, na la mizigo limeandikwa pia uzito likiwa tupu na uzito linaoweza kubeba. Ni kama kadi yake. Behewa lisilo na namba hakuna anayejua liko wapi wala ni la nani.

Kuandika kwa mkono mtupu ni kazi ya fundi mzoefu. Mtoto atumie stensili. Chukua karatasi ngumu ya boksi, chora herufi kwa rula, zikate kwa wembe (mkubwa ndiye akate). Herufi kama A na R zina shimo katikati, nalo ukilikata lote linadondoka. Lazima uache kidaraja chembamba cha kulishikilia. Ndiyo maana SNCC ni rahisi mno kwa anayeanza: hakuna shimo hata moja. TRC ina moja tu, kwenye R. Ila TAZARA, mwanangu, ina vidaraja vinne. Kwenye namba, angalieni 0, 4, 6, 8 na 9.

Usitumie brashi kwenye stensili. Kata kipande cha sponji ya godoro, kichovye kidogo, kigongegonge kwanza kwenye karatasi mpaka kikaribie kukauka, ndipo ugonge juu ya herufi. Rangi ikiwa nyingi itapenya chini na S itafanana na yai. Kipimo nacho kina maana. Wengi tulikubaliana kwamba mita moja iwe sentimita 4, yaani 1 kwa 25. Kwa hiyo herufi yenye kimo cha sentimita 30 kwenye behewa la kweli itakuwa milimita 12 kwenye lako. Tumeona mabehewa yenye herufi kubwa kuliko mlango. Yanafanana na matangazo ya soda.

Tuje kwenye ile kesi.

Baba ana haki. Reli ilifika Kalemie mwaka 1915, wakati huo mji ukiitwa Albertville, na ikapita Nyunzu na Kabalo. Kama amewahi kulala juu ya magunia humo, au mzee wake alikuwa fundi wa reli, hizo herufi kwake si mapambo. Lakini mtoto naye ana haki. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na ndiyo reli ya nchi aliyozaliwa na kukulia. Kuandika TRC si kuikana Kongo. Ameandika alichokiona, na sisi tunaona hilo ni la kumsifu.

Tena kuna jambo la kiufundi linaloweza kuwapatanisha. Reli ya Kigoma ina upana wa milimita 1000. Ile ya Kalemie ilijengwa kwa upana huohuo, ikapanuliwa miaka ya 1950 kuwa 1067. Kwa kipimo chetu tofauti hiyo haifiki hata milimita 3, lakini magurudumu hayakubali. Kwa hiyo behewa la SNCC halivutwi na kichwa cha TRC. Katikati kuna ziwa, na mzigo hushushwa Kigoma, hupakiwa melini, hupakuliwa Kalemie. Mkitaka treni zote mbili ziwe mchezo mmoja, kopo la pili liwe behewa la baba, na la tatu mtengeneze meli.

Herufi pia zinasema mwaka. Kongo ikiitwa Zaire, kuanzia 1971 hadi 1997, reli hiyo ilifikia kuitwa SNCZ. Baadaye Z ikawa C. Upande wa Tanzania, TRC ilikuja baada ya shirika la reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Mwaka 2007 kampuni ikawa TRL, kisha 2017 TRC ikarudi. Anayeandika TRL kwenye behewa na kusema ni la mwaka 1985 tutamuuliza maswali. Mafundi wa treni za kuigiza huko Marekani hupenda sana mambo haya: wanapaka kiraka kidogo juu ya herufi ya zamani, wanaandika mpya juu yake, na ya zamani inaonekana kwa mbali kama kivuli. Kijana mwenye mkono mtulivu ajaribu hivyo kwa Z na C. Baba akiona kile kivuli atakuwa na ya kusimulia.

Kwa wanaotaka kazi kubwa, upo mfano wa zamani. Vichwa vya mvuke vya daraja la 59 vya reli ya Afrika Mashariki vilikuwa 34, vikajengwa Manchester na Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 252, kimepakwa rangi ya damu ya mzee. Namba yake unaisoma hivi: 5918 ni daraja la 59, kichwa cha 18. Na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Hicho 5918 ni Mount Gelai, na 5930 ni Mount Shengena. Vyote viwili vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na milima yenyewe iko Tanzania. Kwa kipimo chetu kichwa kimoja kinazidi mita moja na robo. Si mchezo, makopo yake utayakusanya mpaka mwaka uishe.

Barua ya mwisho imetoka kwa mtoto wa darasa la tano, familia yake ilivushwa na MV Liemba kutoka Kagunga mwaka 2015. Anauliza: Burundi hatujawahi kuwa na reli, sasa mimi niandike nini? Jibu letu: andika jina la reli yako mwenyewe. Bwana mmoja wa Monterey, California, John Allen, aliyefariki mwaka 1973, alijenga reli ndogo ya kuigiza nyumbani kwake. Haikuwepo popote duniani, lakini aliipa jina, Gorre & Daphetid, na mabehewa yake yakaandikwa hivyo. Alijulikana kwa wapenzi wa treni ndogo hata nje ya Marekani. Kwa hiyo mwanetu, chagua herufi tatu au nne, uzipangie rangi, uanze na namba 1. Chora stesheni zake pia, kutoka Uvinza ambako reli ipo, mpaka unakotaka ifike. Uchoraji wako tungependa kuuweka hapa.

Wazee mliofanya kazi relini, upande wowote wa ziwa, mkikumbuka rangi za mabehewa na mahali hasa herufi zilipokaa, tupitieni ofisini au tumeni mjukuu na karatasi. Mwezi ujao ni magurudumu: vizibo vya soda, na kwa nini ekseli ya waya hupinda.