Alama ya ramani na viti vitupu

Mwaka jana tulicheza maisha ya Mwenye Heri Anuarite mbele ya viti vingi vitupu. Siku tatu kabla ya hapo tangazo letu lilikuwa limepita katika vikundi vyote vya WhatsApp tulivyovijua. Watu walilisifu, wakatia mioyo na vidole gumba, nasi tukavihesabu vidole hivyo kama mkulima ahesabuye magunia yaliyokwisha kuingia ghalani. Jioni ya mchezo walikuja wazazi wetu, masista wawili, na watoto wa jirani waliovutwa na ngoma. Baadaye tulisikia kwamba wengine walitoka nyumbani kweli, wakaifuata alama tuliyoiweka katika ramani ya simu, ikawafikisha kwenye ua wa nyuma, mahali pasipo na mlango, na giza limekwisha kuingia. Wakarudi kwao.

Kosa lilikuwa letu. Alama ile iliwekwa na mmoja wetu akiwa ameketi nyumbani, kwa kukisia tu, na hakuna aliyetembea kwenda kuihakikisha.

Tangu hapo baadhi ya wazee wetu husema kwamba simu haifai kwa kazi ya parokia. Tunawaheshimu, lakini hapa hatukubaliani nao. Hapa Kindu tunaelekezana kwa mwembe, kwa stesheni ya gari-moshi, kwa duka la fulani. Maelekezo hayo humfaa aliyezaliwa hapa. Lakini mji wetu hupokea watu wanaofika kwa reli kutoka upande wa Kongolo na Kabalo, wengine kwa mto kutoka Ubundu, na wengine waliokimbia vita wakiwa na mzigo mmoja kichwani. Ukimwambia kijana wa namna hiyo, “njoo pale kwa mwembe,” umemwacha nje hata kabla hujafunga mlango.

Ramani yaweza kumsaidia huyo, kwa sharti iwe imetengenezwa na watu wanaopajua mahali. Tunao mfano katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2014 Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka na wachora ramani wa kujitolea, walianzisha kazi iitwayo Missing Maps, na Lubumbashi ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza. Watu wa mbali walichora barabara na nyumba kwa kuangalia picha za setilaiti. Hata hivyo majina ya mitaa hayaonekani kutoka angani. Ilibidi wakaaji wenyewe watembee na kuyaandika. Kazi hiyo iliingia katika OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuongezea mahali anapopajua. Ukiisha kuipakua katika simu, unaweza kuisoma bila intaneti, kwa kuwa simu hupata mahali ilipo kwa njia ya setilaiti. Kwa kijana anayenunua megabaiti kwa franka za kuokoteza, jambo hilo si dogo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila kikundi kinachoandaa mchezo kiende mlangoni pa ukumbi, mlango ule utakaofunguliwa siku hiyo, kisimame hapo na simu, ndipo kiweke alama. Kisha mtu mwingine aifuate kwa miguu kutoka mbali. Tangazo nalo liwe picha nyepesi, liambatane na sauti fupi kwa Kiswahili cha kwetu, maana si wote wasomao Kifaransa cha mabango, hata kama tunapenda kukionyesha.

Tuongeze neno juu ya mto. Ramani humwonyesha mtu wa Alunguli kwamba yu karibu nasi, na kwa macho ni kweli, anatuona. Lakini kati yetu upo Mto Kongo, na kuvuka ni kwa chombo. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na mwezi wa Desemba ni wa mvua. Mchezo ukianza saa kumi na moja, tumewaalika wenzetu wa ng'ambo kwa maneno na kuwafukuza kwa saa. Uanze saa nane mchana, na uanze kweli saa nane.

Liko jambo zito kuliko viti vitupu. Mwaka jana, katika furaha ya mazoezi, wengine wetu walituma picha za wasichana waigizaji pamoja na mahali walipo saa ileile, usiku, wakingoja pikipiki. Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alimkataa ofisa wa waasi aliyetaka kumtenda kwa nguvu. Je, tutaigizaje habari zake huku tukimwonyesha kila mgeni njia wanayopita dada zetu? Mahali pa ukumbi patangazwe kwa wote. Mahali alipo msichana pasitangazwe kwa yeyote, na picha yake isitoke kabla yeye na wazazi wake hawajakubali.

Tena simu hunyamaza. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa muda wa karibu wiki tatu. Siku zile habari zilipita katika mashirika, katika matangazo ya mwisho wa Misa, na redioni. Njia hizo bado zipo, na mama auzaye mihogo sokoni hana nyingine. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliandika kwamba mtandao ni msaada kwa familia iutumiayo ili wawe karibu zaidi, kisha wakakutane mezani na kutazamana. Basi aliyetuma tangazo kwa watu mia mbili, na awatembelee watu kumi.

Mwaka huu tumekwisha kugawana kazi. Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, wanne watakwenda kwenye mlango wa ukumbi na simu mbili, na watatu watavuka kwenda Alunguli kuwauliza vijana wa kule ni saa ngapi chombo cha mwisho huondoka. Saa ya kumaliza mchezo tutaiandika watakaporudi na jibu.