Asasi Isiyo na Wenyewe

Wapo watu, hasa katika semina za mahotelini, ambao hawachoki kutangaza kwamba wingi wa asasi ndicho kipimo cha demokrasia. Kwa hesabu yao, penye vibao vingi barabarani ndipo wananchi walipo na sauti. Dai hilo halina budi kupingwa, na mahali pa kulipingia ni Kihonda.

Sehemu hiyo ya Manispaa ya Morogoro imejaa watu waliotoka kila upande wa nchi kufuata viwanda, biashara na viwanja. Mgeni wa namna hiyo hana ukoo wa karibu wa kumzika, ana majirani. Kwa hiyo huingia katika chama cha kuzikana, hutoa ada yake, na siku ya mkutano humsikiliza mweka hazina akisoma daftari. Hesabu zikipinda, mweka hazina huulizwa mbele ya wote, na akishindwa kujibu huondolewa. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha wanachama hao uwajibikaji, wala hawalipwi posho ya kukaa kitini. Lakini mama muuza mboga aliyekwisha kumhoji mweka hazina wake hatatishika kumuuliza mwenyekiti wa mtaa habari za mapato na matumizi. Hiyo ndiyo shule ya demokrasia, na karo yake hulipwa na wanafunzi wenyewe.

Kujitolea kwa amri ni jambo jingine kabisa. Katika Milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwa jina la kuhifadhi udongo, hata mwaka 1955 Waluguru wakakataa kwa maandamano. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli na mashamba yalikuwa yao, lakini shauri halikuwa lao.

Mtandao wa wakulima wadogo, MVIWATA, wenye makao yake makuu mjini Morogoro, ulianzishwa mwaka 1993 na wakulima wenyewe. Wafadhili wa nje umepata, na hilo si siri. Hata hivyo chini yake vipo vikundi vya wakulima, ndiyo maana unaposema juu ya ardhi au bei ya mazao hauwasemei watu wasioujua.

Ni asasi ngapi zinazoweza kusema hivyo? Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, na shirika lake la USAID kufungwa Julai mwaka huo, zilikuwapo asasi nchini zilizoachisha watumishi na kukatiza kazi katikati. Vyama vya kuzikana havikutikisika.

Wala wakubwa wasiigeuze hoja hii kuwa fimbo. Sheria ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2019, tayari inazitaka asasi zipeleke taarifa kwa msajili. Lakini msajili si mwanachama, naye hawezi kuuliza kwa niaba ya Kihonda nzima. Asasi inayojiita ya wananchi na ije katika mkutano wa mtaa, isome kwa Kiswahili fedha ilizopokea, jina la mtoaji, na kiasi kilichoishia katika mishahara na magari. Na ofisa mwenye mazoea ya kuliita kila swali uchochezi aketi hapo hapo, kwa kuwa daftari litakalofuata kusomwa ni la ofisi yake.